Shangazi, nimetupa mboga za mama mkwe kisa sio oganiki

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana hapa nilipo nyumba imegawanyika kisa nyanya, na sitanii. Mi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miaka minne, na nina mimba ya miezi mitano. Zamani nilikuwa mtu wa kawaida tu, naenda sokoni nachagua kilichoiva narudi napika, basi. Ilianza nilipopata hii mimba. Usiku usingizi hauji nashika simu, nikakutana na video ya mama mmoja kaloweka zabibu nyeusi kwenye maji katia unga mweupe, alafu maji yanageuka rangi taratibu, mara kama kijani mara kama wino, anasema mnaona, hii ndo sumu mnayowalisha wanenu kila siku. Nikaangalia ya pili, ya tatu, unajua simu zenyewe zilivyo ukiangalia moja zinakuletea kumi, mpaka alfajiri nikawa nishaamua ndani ya nyumba yangu hakiingii tena kitu kisicho na nembo ya oganiki.

Sasa ni miezi mitatu. Shangazi vitu hivi ni ghali, vingi ni mara moja na nusu ya vile vya kawaida na vingine mara mbili kabisa, na hela ya matumizi ni ile ile. Kwahiyo nikapunguza. Tulikuwa tunakula matunda kila siku, sasa hivi ni mara mbili kwa wiki na nayakata vipande vidogo yafike. Mboga pia nimepunguza. Mtoto akiomba tunda jioni namwambia kesho, nampa biskuti, ila biskuti zenyewe ni za oganiki zina nembo kabisa kwahiyo hapo roho yangu haina shida.

Mume wangu anasema ni wizi mtupu, eti nalipia karatasi iliyobandikwa. Ana binamu yake alisomea kilimo, akaja hapa siku moja akasema hata hao wa oganiki wanapulizia dawa, mi nikamwambia muongo, tukanuniana mpaka chakula kikapoa.

Ila kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Jumamosi iliyopita mama mkwe alikuja na mfuko, nyanya, spinachi, na karoti bado zina udongo, katoa kwenye bustani yake mwenyewe. Nikamuuliza kwa upole tu, mama hizi huwa unazipulizia dawa? Akasema eeh, kidogo, nikiona wadudu. Sikusema kitu, nikapokea nikashukuru. Alivyoenda kujinyoosha mchana nikazibeba zote nikazitupa kwenye pipa la taka nje. Nikajua yameisha. Jioni akatoka kumwaga maji ya vyombo akazikuta. Shangazi hakuniambia neno hata moja. Niliona kwa dirishani, aliinama akaokota zile nyanya ambazo hazijapasuka, akazifuta moja moja na upindo wa gauni lake, akazirudisha kwenye mfuko wake, na kesho yake asubuhi mapema akaaga akaondoka nazo. Tangu siku hiyo akipiga simu anaongea na mwanae tu, mi hata salamu napelekewa.

Mume anataka niombe msamaha. Mi naona nilikuwa nalinda mimba yangu, nitaombaje msamaha kwa kulinda mimba? Naomba uniambie ukweli, hivi oganiki ni bora kweli au natupa hela? Na kwa huyu mama nifanyeje? Usinifiche kitu.

Mama wa mmoja na nusu

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye biskuti, mara ya pili nikakwama kwenye zile nyanya zinafutwa na upindo wa gauni, nikaiweka simu pembeni kwanza. Nitafika huko. Ngoja nianze na hesabu maana wewe mwenyewe umeniandikia hesabu yako yote na hujaiona.

Umesema mlikuwa mnakula matunda kila siku na sasa ni mara mbili kwa wiki. Mboga umepunguza. Mtoto akitaka tunda anapewa biskuti. Mwanangu, hapo ndo kwenye kosa, wala sio kwenye nembo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na hawajaweka sharti ziwe za oganiki. Na huo ushahidi wote tunaosikia kwamba matunda na mboga zinapunguza magonjwa ya moyo na kiharusi, umetoka kwa watu wa kawaida wanaokula vitu vya kawaida, vilivyopuliziwa dawa kama kawaida. Kwahiyo ukinunua oganiki kidogo ukaacha vya kawaida vingi, umetoa faida ambayo inajulikana kabisa ili ukwepe hatari ambayo wataalam mpaka leo wanabishania ipo kiasi gani. Na biskuti ya oganiki ni biskuti, sukari iliyolimwa bila dawa ikifika kwenye meno ya mtoto inafanya kazi ile ile.

Hiyo ya biskuti nimalize kabisa. Nembo ya oganiki haisemi chakula hiki ni kizuri kwa afya. Inasema kimelimwaje. Ni sheria za shambani: hakuna mbolea ya kiwandani, hakuna mbegu za GMO (zilizobadilishwa vinasaba maabara), dawa nyingi za kutengenezwa maabara haziruhusiwi, mifugo haijazwi antibayotiki ovyo. Kwa Marekani, shamba linatakiwa likae miaka 3 bila dawa zilizokatazwa kabla mazao yake hayajaitwa oganiki, na kitu cha pakiti kikibeba nembo angalau asilimia 95 ya vilivyomo viwe vya oganiki, Ulaya nao ni hiyo hiyo 95. Lakini neno "asilia" au picha ya jani la kijani na kuku anacheka, hiyo ni rangi tu, mtu yeyote anaweza kuchora.

Sasa yule binamu. Pole, ila hakudanganya. Wakulima wa oganiki wanapulizia dawa, wanaruhusiwa zile zilizo kwenye orodha yao ambazo nyingi zinatoka kwenye mimea, madini au vijidudu. Pareto unaijua, lile ua, dawa yake wanaruhusiwa. Mrututu wanaruhusiwa, ule wa bluu, kwa ajili ya ukungu, na Ulaya wamewawekea kikomo, madini yake ya shaba yasizidi kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, maana shaba haiozi, inakaa kwenye udongo inarundikana. Kuna na bakteria wanaoitwa Bt wanaua viwavi. Na kutoka kwenye mmea hakufanyi kitu kiwe maziwa ya mama. Kulikuwa na dawa inaitwa rotenoni, ya mizizi ya mimea, safi kabisa kwa mtu anayependa vya asili, ilitumika kwenye kilimo cha oganiki miaka na miaka, mpaka ikaja kuonekana panya wakipewa wanapata dalili kama za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, Ulaya wakaitoa. Kwahiyo ukimuona huyo kijana umwambie alikuwa sahihi, na safari hii chakula kikiwa bado cha moto.

Ila mume wako naye asianze kutembea kifua mbele, maana "wizi mtupu" sio kweli. Mwaka 2012 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti zaidi ya 200 wakazipitia. Kwenye virutubisho hawakuona tofauti ya maana, vitamini ni zile zile. Lakini kwenye mabaki ya dawa tofauti ilikuwepo, sampuli za oganiki zilizokutwa na mabaki zilikuwa kama asilimia 7 na za kawaida asilimia 38. Miaka miwili baadae wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza wakapitia machapisho 343, wao wakasema oganiki ina antioksidanti zaidi, vile viini vya mimea vinavyosemwa vinakinga seli, na kadimiamu pungufu, yale madini mabaya yanayokaa kwenye figo. Wengine wakawapinga, wakajibizana, mpaka leo wanajibizana. Mi ninachokichukua hapo ni kwamba kwenye lishe tofauti ni ndogo kiasi kwamba hata wasomi wanagombana kama ipo, na kwenye mabaki ya dawa tofauti ipo kweli.

Sasa swali ni mabaki hayo ni kiasi gani, na hapa nataka unisikilize vizuri maana video zako haziwezi kukuambia hivi, zingekosa watazamaji. "Imekutwa na mabaki" maana yake mashine imeiona. Mashine za siku hizi zinaona kitu kidogo mno. Kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote kinapangwaje? Wanachukua kile kiwango ambacho mnyama alipewa kila siku na hakikuonyesha madhara yoyote. Wanakigawa kwa 10, kwa sababu binadamu sio panya. Alafu wanakigawa kwa 10 tena kwa sababu binadamu hatufanani, kuna wagonjwa, kuna watoto, kuna mimba. Kwahiyo ni sehemu moja ya mia ya kiwango ambacho hakikumfanya kitu mnyama, na vyakula vingi vikipimwa vinakuwa chini hata ya hapo.

Umeniambia nisikufiche, sitakuficha. Wapangaji wa viwango wanakosea, na wakikosea tunakuja kujua tumeshakula. Kuna dawa inaitwa klopirifosi ilipuliziwa kwenye matunda na mboga dunia nzima miongo kwa miongo, ikisemwa iko salama, mpaka mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ukaikataa kwa hofu ya ubongo wa watoto walio tumboni na wadogo. Kwahiyo hofu yako sio uchizi, ina mizizi. Na kuna utafiti mmoja mi naupenda kwa sababu ni mdogo na unaeleweka, ulitoka mwaka 2006, walichukua watoto 23 wa shule ya msingi wa eneo la Seattle, Marekani, wakala chakula chao cha kawaida siku kadhaa, alafu siku 5 wakabadilishiwa vyakula vingi kuwa oganiki, alafu wakarudi kwenye kawaida, na muda wote wanapimwa mkojo. Zile siku 5 alama za dawa mbili, na klopirifosi ikiwa moja wapo, zilishuka karibu na kutoonekana kabisa, walivyorudi kwenye chakula cha kawaida zikarudi. Kwahiyo dawa inaingia kweli, na ukiacha inatoka haraka kweli. Kama kile kiasi kilikuwa kinawaumiza, huo utafiti haukupima hilo, wala hawakusema kinawaumiza, ni video ndo zinasema.

Kansa najua utaniuliza maana kila video inaishia huko. Ufaransa mwaka 2018 walitoa matokeo ya watu karibu 69,000, waliokula oganiki sana walipata kansa chache kwa asilimia 25 kuliko wasiokula. Unaona, utasema. Subiri. Uingereza mwaka 2014 walitoa ya wanawake zaidi ya 600,000 waliofuatiliwa miaka kama 9 hivi, kansa kwa ujumla hakuna tofauti. Na hao wanaokula oganiki mara nyingi ndo hao hao wenye hela zaidi, hawavuti sigara, wanafanya mazoezi, wanakula mboga nyingi, watafiti wanajitahidi kuyatoa hayo kwenye hesabu lakini hayatoki yote. Mi nisingeuza hata sahani moja kwa sababu ya utafiti huo peke yake, uwe wa Ufaransa uwe wa Uingereza.

Na hizo zabibu. Mwanangu, zabibu nyeusi ina rangi kwenye ganda ambayo ikikutana na bekin soda (ule unga mweupe nadhani ndo wenyewe, ule wa kupikia keki) inageuka, inakuwa kijani au bluu. Ukifanya hivyo na kabichi la zambarau ambalo halijawahi kuonja dawa utapata maji ya rangi vile vile, watoto wa shule wanafanya kwenye somo la sayansi. Na ule ukungu mweupe juu ya zabibu mara nyingi ni nta yake mwenyewe. Yule mama hajakuonyesha sumu, kakuonyesha rangi ya zabibu, na we ukakesha.

Bekin soda yenyewe lakini sio mbaya. Watafiti wa Massachusetts mwaka 2017 walipaka matufaha dawa mbili makusudi wakajaribu kuyaosha, wakaona kuloweka kwenye maji yenye bekin soda, kama vijiko viwili vya chai kwa lita, dakika 12 mpaka 15, kulitoa ile ya juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu. Ile iliyozama ndani ya ganda haikutoka, hiyo mpaka umenye. Mi sina muda wa kuloweka dakika 15 kila tunda na we mwenye mtoto wa miaka minne na tumbo huna pia, kwahiyo fanya hivi, maji yanayotiririka, sugua kwa mkono, karoti na viazi kwa brashi, mboga za majani tawanya jani jani, majani ya nje ya kabichi toa. Sabuni hapana, matunda yanainywa.

Na uoshe hata za oganiki, tena kwako hasa. Hapa ndo nataka ushike masikio. Ulipoona zile karoti za mama mkwe ukaogopa dawa, mimi na mimba yako ningeangalia udongo. Kwenye udongo kunaweza kuwa na toksoplazma, kidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, na mama mjamzito akikipata kinaweza kumfikia mtoto. Kwenye samadi kunaweza kuwa na bakteria. Mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa na maelfu wakaugua, bakteria walifuatiliwa mpaka kwenye chipukizi za mbegu za uwatu zilizooteshwa kwenye shamba la oganiki kabisa, na wanasema mbegu ziliingia hapo tayari na bakteria wake. Sikuambii uikimbie oganiki, nakwambia nembo haioshi. Chipukizi mbichi achana nazo mpaka ujifungue. Na udongo wa kwenye karoti unatoka kwa maji na brashi, dakika mbili, haukuhitaji pipa.

Alafu ukatupa na spinachi. Mimba ya miezi mitano, mboga ya majani yenye foleti na madini ya chuma, inaenda kwenye pipa. Vidonge ulivyopewa kliniki endelea navyo, lakini majani nayo unayahitaji.

Kama una hela ya ziada kidogo na roho yako haitulii, sawa, iweke pale inapofanya kazi. Vitu unavyokula na ganda lake au majani yake na unavila sana, stroberi, matufaha, spinachi, hizo kwenye vipimo vya Marekani huwa zinaongoza kwa mabaki. Vyenye ganda nene unalotupa, parachichi, nanasi, kitunguu, hivyo huwa viko chini sana, kulipia mara mbili kwa ajili ya parachichi mi naona ni sadaka. Nyama, ule ule uchambuzi wa Stanford ulikuta kuku na nguruwe wa kawaida wana uwezekano zaidi wa kuwa na bakteria sugu wasiosikia antibayotiki, hiyo ni sababu ya maana ukiweza, usipoweza ivisha vizuri na usikatie kachumbari kwenye ubao wa nyama mbichi. Na mwanao ana kitu kimoja au viwili anavyokula kila siku bila kukosa, kila mtoto anavyo, anza na hivyo. Vingine vyote nunua vya kawaida na nunua vingi. Jioni akiomba tunda apewe.

Kuna sababu nyingine ya kununua oganiki ambayo hukuiandika na mi naona ndo yenye nguvu kuliko zote. Anayepigwa na dawa sio wewe, ni yule mwenye bomba mgongoni, anapulizia upepo unamrudishia usoni, nguo zinalowa, anarudi nazo nyumbani kwa wanae. Yeye anakutana na dawa kwa kiasi ambacho wewe mlaji hukifikii. Ukinunua kwa ajili ya huyo, au kwa ajili ya nyuki na mito, hujatapeliwa. Japo nako kuna upande wa pili, uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2012 ulikuta mavuno ya oganiki yanakuwa chini kwa asilimia 5 mpaka 34 kutegemea zao na jinsi linavyolimwa, maana yake unahitaji shamba kubwa zaidi kupata gunia lile lile. Hayo tumwachie binamu.

Sasa mama mkwe.

Umeniuliza utaombaje msamaha kwa kulinda mimba. Hauombi msamaha kwa kulinda mimba. Unaomba msamaha kwa sababu mtu mzima amechuma, amefunga mfuko, amesafiri nao, we umepokea umeshukuru, alafu ukasubiri alale. Ungemwambia pale pale mama mi naogopa dawa kwa hali yangu, angekasirika labda, mngeongea, ingeisha siku hiyo. Alichokikuta kwenye pipa sio hofu yako ya dawa, hofu yako haijui. Alichokiona ni kwamba unamuona mchafu, au unamuona anataka kukudhuru. Na hakukusemesha, na mtu anayefuta nyanya za taka kimya kimya anaumia kuliko anayefoka.

Mpigie wewe mwenyewe. Sio mume akupigie alafu akupe simu, na sio ujumbe wa maandishi wenye vikaragosi vya kulia. Na usimsomee hizi tafiti, wala usimtajie Stanford.

Mkishapatana, siku nyingine, sio siku hiyo, muulize kama mwanafunzi. Mama ile dawa inaitwaje? Chupa ina karatasi yake? Ukishapulizia unakaa siku ngapi ndo unachuma? Maana hilo ndo swali la kweli, kila dawa ina siku zake za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa, na mtu akipulizia leo akachuma kesho hapo una haki ya kuogopa, iwe bustani ya mama mkwe iwe ya nani. Kama anamiminiwa kwenye chupa ya maji isiyo na jina, au dawa yenyewe ni ya pamba anapulizia nyanya, msaidieni apate nyingine, kwa ajili yake kwanza maana yeye ndo anaishika. Lakini inawezekana kabisa "kidogo nikiona wadudu" ni majivu na maji ya sabuni, au ni pareto, na hapo utakuta ulitupa mboga ambazo zingekaa meza moja na hizo unazozinunua mara mbili, tofauti yake hazina nembo, maana nembo ni cheti na cheti kinalipiwa na mkulima wa bustani ya nyuma ya nyumba hawezi kukilipia.

Mume wako umwambie Shangazi kasema alikuwa sahihi nusu, na nusu hiyo aile kimya kimya.

Na mama akipokea, ile ya "nilikuwa nalinda mimba" usianze nayo. Sema mama nilikosea, alafu umuulize zile nyanya zilibaki ngapi. Kama zimeisha atakwambia nyingine zinaiva lini.

Shangazi